Kufunga kampuni ya ukandarasi Uingereza unapohofia uchunguzi wa kodi

Tangu Aprili 2021, ambapo kampuni kubwa na za kati za Uingereza zilipewa jukumu la kuamua iwapo mkandarasi anayezifanyia kazi kupitia kampuni yake anaguswa na kanuni za IR35 (zinazomtoza kodi kama mwajiriwa mkandarasi ambaye kwa hakika hufanya kazi kama mwajiriwa), wateja wetu wengi wa fani ya kompyuta na uhandisi wameziweka kando kampuni zao na kukubali ajira. Kampuni imebaki na fedha benki, haina kazi, na mwenyewe anatuuliza: nikiifunga, je, HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) hawataanza kuifukua miaka iliyopita?

Kufunga kampuni ni haki ya mwanahisa wala si dalili ya hatia, ila hakuzuii uchunguzi. HMRC wanaweza kurudi nyuma miaka 4 kwa kawaida, 6 palipo na uzembe na 20 palipo na udanganyifu wa makusudi, na kampuni iliyokwisha kufutwa inaweza kurejeshwa kwenye daftari kwa amri ya mahakama ndani ya miaka 6. Aidha, sheria ya Desemba 2021 inaruhusu mwenendo wa wakurugenzi kuchunguzwa hata kama kampuni yao ilifutwa bila kufilisiwa. Anayeharakisha kufunga ili ajifiche, kwa hiyo, hajifichi.

Njia ya kawaida ni kupeleka fomu ya DS01, yaani maombi ya kampuni kufutwa, kwa Msajili wa Makampuni. Kampuni iwe haijafanya biashara kwa miezi 3, na nakala ya maombi ipelekwe kwa wadai wote ndani ya siku 7, HMRC wakiwemo wanapodai chochote. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi, kisha hupita angalau miezi 2. Hapo ndipo HMRC huweka pingamizi, na si lazima pawe na jambo zito: ritani moja ya kodi ambayo haijapelekwa yatosha. Ndiyo maana sisi humaliza hesabu za mwisho, tukafunga usajili wa VAT na wa mwajiri, na kulipa kodi yote, kabla ya kuigusa fomu hiyo.

Ikiwa barua ya uchunguzi imekwisha kufika, usipeleke maombi, ijibu kwanza. Ikiwa haijafika lakini wewe mwenyewe una shaka na mkataba fulani wa zamani, tunashauri uwaeleze HMRC mwenyewe mapema, kwa kuwa adhabu ya kosa la uzembe inaweza kushuka hadi 0% kwa aliyejitokeza bila kuulizwa, ilhali aliyengoja kuulizwa haipungui 15%.

Fedha zilizobaki ndizo huwaponza wengi. Kampuni inayofutwa kwa DS01 ikigawa hadi pauni 25,000, fedha hizo huweza kutozwa kama faida ya mtaji. Zikifika 26,000, si ile elfu moja ya ziada bali kiasi chote huhesabiwa kuwa gawio. Mwenye zaidi ya hapo hutumia ufilisi wa hiari wa wanahisa, unaosimamiwa na mfilisi mwenye leseni, ambaye ada yake si ndogo. Nafuu ya kodi kwa mwenye biashara anayeiacha, ambayo kiwango chake cha kodi kilikuwa 14% kuanzia 6 Aprili 2025 na 18% kuanzia 6 Aprili 2026, hupotea ikiwa miaka 3 imepita tangu biashara isimame, hivyo kuiacha kampuni ilale tu kuna gharama yake. Na anayefunga mwezi Mei kisha akafungua nyingine Septemba kwa kazi ile ile ajue kwamba, ndani ya miaka 2, HMRC wanaweza kuyageuza malipo yale kuwa mapato ya kawaida wakiona kwamba lengo kuu lilikuwa kukwepa kodi.

Kampuni ikishafutwa, tunza kwa miaka 7 ankara, taarifa za benki, mikataba na barua pepe zinazoonyesha jinsi ulivyofanya kazi. Akaunti ya benki nayo usiifunge, wala usipeleke DS01, kabla marejesho ya kodi unayoyasubiri hayajaingia, kwani mali yoyote inayobaki kwa jina la kampuni iliyofutwa huwa ya Taji la Uingereza.