Picha za Instagram si za kujionyesha tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niitetee burudani yangu ambayo imezoeleka kusemwa vibaya. Kila mitandao ya kijamii inapojadiliwa, tunaambiwa kwamba ni mahali pa kujionyesha, kupoteza wakati na kuwaonea wivu watu ambao hata hawatujui. Sikatai kwamba hayo yapo, kwani hata mimi nimewahi kujikuta usiku wa manane nikikagua viatu vya mtu nisiyemfahamu. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa nimeitumia Instagram kama vile mwingine anavyotumia penseli ya kuchorea au uzi wa kufumia, na upande huo sioni ukitajwa.

Asubuhi moja niliiacha gilasi ya maji mezani karibu na dirisha, na jua lilipopenya ndani yake likachora juu ya kitambaa mstari wa mwanga uliopinda kama mkia wa mjusi. Nilipiga picha 31. Katika baadhi yake kivuli cha mkono wangu kilijitokeza pembeni, na katika nyingine mwanga ulikuwa mkali kiasi kwamba maji hayakuonekana kabisa, mpaka nilipogundua kwamba nikigusa kioo cha simu mahali palipong'aa zaidi, kamera yenyewe inapunguza mwanga wa picha nzima na mstari ule unajitokeza vizuri. Nilipokwisha kulielewa hilo, jua lilikuwa limesogea na mkia wa mjusi umetoweka. Kesho yake, saa ile ile, nilikuwa nimeketi pale pale na gilasi yangu nikisubiri. Picha niliyoiweka mtandaoni ni moja tu, na aliyeiona pengine aliitazama kwa sekunde mbili akapita. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuingia chumbani bila kuangalia mwanga unatokea upande gani.

Jambo jingine lililonifundisha ni umbo la mraba. Instagram ilianza Oktoba 2010, baada ya Kevin Systrom na Mike Krieger kuipunguza programu yao ya awali iliyoitwa Burbn hadi ikabaki hasa na picha, maoni na alama ya kupenda. Kwa karibu miaka mitano picha zake zote zilikuwa za mraba, na ni Agosti 2015 ndipo watumiaji waliporuhusiwa kuweka za mlalo na za wima. Mimi bado nakata zangu kuwa mraba, kwa sababu mraba hauna upande mrefu wa kukimbilia: kila kilichoingia ndani ya fremu lazima kijieleze kimeingia kufanya nini, na mara nyingi kazi kubwa inakuwa ni kuamua kipi kitolewe. Vichujio vya rangi, ambavyo wengi wanadhani ndiyo ufundi wenyewe, nimeviacha; picha iliyopigwa katika mwanga mbaya haiokolewi na kichujio, inabadilishwa rangi tu.

Kwa anayetaka kujifunza zaidi, upo pia mtandao wa Flickr, ulioanzishwa mwaka 2004 mjini Vancouver, Kanada, ambako picha nyingi huonyeshwa pamoja na taarifa za kamera: kasi ya shata, yaani kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, upana wa tundu la lenzi na kiwango cha wepesi wa kuhisi mwanga. Mtu akiipenda picha ya maji yaliyoonekana laini kama moshi, anaweza kusoma kwamba shata iliachwa wazi kwa sekunde mbili, na kesho akajaribu mwenyewe. Hiyo kwangu ni shule, tena isiyo na kengele.

Kuhusu ugonjwa wa kuhesabu waliopenda, nakiri kwamba uliwahi kunishika. Tangu Mei 2021 Instagram inamruhusu mtumiaji kuificha idadi hiyo, nami niliificha; badala yake nasoma maoni, ambayo kwa kawaida ni machache lakini yana uzito. Mtu mmoja ambaye hupiga picha za milango tu, mwaka mzima milango, aliwahi kuniandikia kwamba picha yangu ya ngazi ingefaa kupigwa nikiwa nimechuchumaa. Nilirudi nikachuchumaa, na kweli alikuwa na haki.

Tahadhari hazikosekani. Siweki sura ya mtu bila ridhaa yake, siambatanishi mahali nilipo, na picha halisi nazihifadhi kwangu, kwa kuwa mtandao huzipunguza ukubwa zinapopakiwa.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Tenga kona ndogo mara moja kwa wiki kwa ajili ya picha za wasomaji, zote za mada moja, bila zawadi wala mashindano, kila moja ikiwa na sentensi moja tu ya maelezo. Kama mada ya kwanza itakuwa mwanga wa dirishani, yangu iko tayari.

Msomaji wako wa kila siku