Dada wa kazi naye anatazama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie tamthilia zetu, hizi zinazotukusanya sebuleni kila jioni. Sizichukii. Tangu siku za kukodi kanda mtaani, enzi za marehemu Kanumba, mimi ni mtazamaji wa kudumu.

Hapa kwangu Tabata naishi na binti anayenisaidia kazi, mtoto wa Singida. Juzi tulikuwa tunatazama wote, yeye mkekani anachambua mchele, mimi kwenye kochi. Akatokea dada wa kazi wa kwenye tamthilia: kilemba upande, anasema "kura" badala ya "kula", friji anaiogopa kama chatu. Lafudhi yenyewe hujui ni ya kabila gani, imeokotwa huku na huku. Wanangu wakavunjika mbavu. Binti naye akacheka kidogo, kwa adabu, akarudi kwenye mchele wake. Baadaye mama yake akapiga simu. Siku zote huzungumza naye Kinyaturu palepale jikoni, sauti juu, hata jirani hujua kama kwao mvua imenyesha. Siku hiyo alitoka nje, akasimama nyuma ya tenki la maji, akawa ananong'ona.

Tangu hapo nazitazama tamthilia kwa jicho jingine. Mtu wa mkoani ni mlinzi, mtumishi au mganga. Kijijini watu huenda kurogwa, au kugombea shamba la urithi. Mwenye lafudhi ya kwao haachiwi kusema neno la maana; anatuchekesha tu matajiri wa Mbezi wakipumzika kugombana.

Nitaambiwa ni utani. Utani naujua, mimi ni Mzaramo na watani zangu Wanyamwezi wamenivurugia misiba miwili. Lakini utani una zamu: leo unanisema, kesho nakusema. Kwenye runinga binti wa Singida zamu yake haifiki.

Na nchi hii imeongozwa na watu wa huko huko. Mwalimu alitoka Butiama, Mkapa Lupaso, Magufuli Chato, na huyu alikuwa akichomeka Kisukuma katikati ya hotuba, uwanja mzima unashangilia. Makabila zaidi ya 120 tumeelewana kwa lugha moja, kila mtu akaja nayo na ulimi wa kwao. Jambo hilo tunajisifia kwa majirani, kisha usiku tunalicheka.

Aprili 2022 tulizindua filamu ya Royal Tour kule New York, Rais mwenyewe akiwatembeza wageni mbugani. Sina ugomvi nayo, watalii waje. Ila mgeni huitazama mara moja akakata tiketi. Mwanangu wa miaka tisa anaitazama Tanzania ya kwenye tamthilia siku tano kwa wiki, na ndiyo anayoijua, maana Singida hajafika. Wazazi wenzangu nao, wakilalamikia maadili kwenye filamu, wanaishia kwenye urefu wa sketi. Sketi fupi haijamtoa mtu jikoni kwangu.

Kwa waandishi wa miswada nina ombi dogo. Huyo dada mpeni jina kamili na mambo yake mwenyewe: ana mdogo wake anamlipia ada, ana zamu yake ya kupokea pesa za mchezo mwezi ujao, ana mchumba anayemsumbua kwa simu, na bosi wake ana maneno. Mkitaka lafudhi, mtafuteni mwigizaji wa huko huko, mwacheni aseme anavyosema kwao. Mambo ya kuchekesha hayatakosekana. Binti yangu akianza kumwigiza mwenye duka wetu anavyokataa kukopesha, mimi mwenyewe huweka kijiko chini.

Wako msomaji,
Mama wa Tabata,
Dar es Salaam