Barua kwa Mwanangu Aliye Berlin

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hapa Tanga hatujambo, ila presha ya bibi yako ndiyo ile, leo juu kesho chini. Dada yako ameniambia unaacha kazi uzunguke na bendi. Sikukatazi. Nataka unijibu moja: ukirudi usiku kwenye hicho chumba chako, ni nani anayejua kuwa umefika?

Nauliza kwa sababu nimemsoma huyo mwanamuziki Alec Empire usiyekosa kumtaja tukiongea. Mtoto wa Berlin Magharibi, kazaliwa 1972. Mwaka 1992, mwaka ule ule watu walipochoma nyumba ya Wavietnamu kule Rostock na majirani wakashangilia, yeye na wenzake waliunda bendi ya Atari Teenage Riot. Kompyuta ya Atari, midundo ya tekno iliyokimbizwa, gitaa za panki, na maneno ya kuwakabili Wanazi waziwazi. Muziki wenyewe unanipasua kichwa, lakini kwa hilo ninamheshimu, na wewe ukiimba dhidi ya ubaguzi mimi niko nyuma yako.

Tena ana akili ya fedha. Kampuni kubwa ilipowapa malipo ya awali, waliyatumia kufungua lebo yao wenyewe ya kutoa muziki, Digital Hardcore Recordings, mwaka 1994. Je, wewe mkataba wako umeusoma? Usome hadi mwisho. Hesabu ulikuwa unaongoza darasa zima, kusoma ukawa unaruka kurasa, na tabia hiyo hujaiacha. Kile kinanda kiliuzwa, ada ikalipwa, tusilirudie.

Lakini kwenye bendi ile alikuwemo Carl Crack, mzaliwa wa Swaziland, mtoto wa bara letu huyo, ameshika kipaza sauti. Walitembea dunia. Mei Mosi 1999 walipiga juu ya lori katikati ya maandamano hapo Berlin, ghasia na polisi zikazuka, wakakamatwa. Septemba 2001 Carl akafariki, hapo hapo Berlin, akiwa na miaka 30. Bendi ilirudi jukwaani 2010 bila yeye. Wewe unanisimulia ya Alec, lebo zake na safari zake. Carl hujawahi kumtaja hata siku moja, na ndiye aliyeninyima usingizi.

Kwa hiyo mpe mtu ufunguo wa akiba. Yule rafiki yako Mkongo anayekaa mtaa wa pili, au yeyote mwenye akili timamu. Umwambie, nisipopokea simu siku nzima, ingia. Na masikio uyazibe ukiwa jukwaani, wenzio wakucheke wasikucheke. Ukijisikia vibaya moyoni, usingoje mpaka uwe na habari nzuri ndipo upige. Baba yako naye alikuwa hasemi kitu, na mimi nilikuwa siulizi.

Nyimbo ulizotuma nimezisikiliza mbele ya mama wa nyumba ya pili. Nilimwambia, huyo ni mwanangu.

Bati za jikoni zinavuja upande wa tangi, na fundi anataka fedha kabla ya masika. Kama huna, usikope, nitauza nazi. Karatasi za kiwanja nimemwachia mjomba wako azipeleke halmashauri, anahitaji nakala ya pasipoti yako. Itume wiki hii, na katika ujumbe huo huo uniandikie jina na namba ya simu ya huyo uliyempa ufunguo.

Mama yako