Namba ya dume ni ile ile, mbona ndama wamepishana?

Majuzi mama mmoja wa Kiwira, ambaye ng'ombe wake huwa nampandishia kwa mrija wa mbegu badala ya kumpeleka kwa dume, alinipigia kwa hasira. Ng'ombe wake kazaa ndama wa pili wa dume yule yule wa Friesian. Wa kwanza alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, huyu kaja mwekundu. "Mwanangu, mbegu umenibadilishia." Nikaenda, tukaweka mezani kadi mbili za upandishaji, moja ya kila ndama. Namba ya dume ilikuwa moja.

Wengi wanadhani mrija wa mbegu ni kama mfuko wa mbolea, kila punje sawa na mwenzake. Sivyo. Ng'ombe ana kromosomu 60, zile nyuzi zinazobeba urithi, yaani jozi 30, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba. Ndani ya korodani za dume, kabla mbegu haijakamilika, wenza wa kila jozi hulala ubavu kwa ubavu wakabadilishana vipande. Chukua nyuzi mbili za shanga, nyeupe na nyeusi, uzikate mahali pamoja, kisha unga kipande cha huku na cha kule. Ndivyo hivyo. Halafu jozi hutengana, kila mbegu ikaondoka na kromosomu 30 tu, na hakuna anayepanga ipi iende wapi. Hata bila kuhesabu vipande vilivyobadilishwa, michanganyiko inapita bilioni 1. Wataalamu huita meiosisi. Yai la ng'ombe wako nalo limepitia hayo hayo, tena kazi yake ilianza yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake; hilo mimi hunishangaza mpaka leo.

Wekundu, basi? Jeni yake, yaani kipande cha urithi kinacholeta rangi hiyo, hujificha mbele ya weusi. Dume mweusi anaweza kuibeba, na ng'ombe mweusi vilevile. Wawili hao wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya ndama mwekundu. Maziwa hayaangalii rangi, mama.

Ila maziwa yenyewe hutegemea jeni nyingi, mbali na malisho. Kwa hiyo usichague dume kwa binti mmoja uliyemwona kwa jirani. Niulize wastani wa mabinti wake wengi.

Na kadi itunze. Namba ikipotea, tunaweza kumpandishia mtamba mbegu ya baba yake mzazi. Ukiona joto, yaani ng'ombe anataka dume, asubuhi, nipigie nije jioni; ukiliona jioni, nitakuja kesho yake asubuhi.