Risala ya wanaklabu wa sanaa kwa mgeni rasmi, Siku ya Posta Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mzee wetu mstaafu wa kazi ya posta,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe, Mzee wetu, kwa kuitikia mwaliko. Wapo waliotushauri tumwalike mtu mwenye gari, kwa kuwa huja na ahadi. Tuwie radhi, sisi tulimtaka aliyebeba barua kwa baiskeli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo ni Oktoba 9, tarehe ambayo mwaka 1874 Umoja wa Posta Duniani uliasisiwa mjini Bern, Uswisi. Postikadi ni kongwe kuliko umoja huo: ya kwanza rasmi ilitolewa Austria tarehe 1 Oktoba 1869. Klabu yetu ina mwaka mmoja na nusu tu, wanachama 23, na kazi yake ni kupaka rangi postikadi kwa mkono na kuzituma.

Tunakutana kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri. Karatasi moja ya manila ya A4 inatoa kadi nne. Mmoja wetu huchora kwa kalamu nyeusi: mlango wa Mji Mkongwe, jahazi, mkarafuu, paka aliyelala barazani. Michoro inatolewa kopi, kila mtu anachukua yake na kuipaka. Mistari ni ile ile, lakini hatujapata kadi mbili zilizofanana.

Jambo hili si geni hapa Unguja. Mwalimu wetu wa historia alituonyesha nakala za postikadi za zaidi ya miaka 100 iliyopita, kazi za wapiga picha wenye asili ya Goa waliokuwa na studio mjini, kama A. C. Gomes na wanawe. Picha za zama zile zilipigwa nyeusi na nyeupe, na baadhi ya kadi zikatiwa rangi baadaye kwa mkono. Mara nyingi uchapaji na rangi vilifanyika Ulaya, na mpakaji alikuwa hajapata kukanyaga mahali anapopapaka. Alikisia. Katika nakala moja bahari ina rangi ya mchuzi wa mchicha. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, maana na sisi hukisia.

Mwenzetu wa kidato cha tatu alikuwa akipaka kadi ya bibi yake mdogo aliyeko Muscat, aliyeondoka Unguja akiwa msichana. Alipofika kwenye mlango, penseli ya kahawia ikasita. Mlango wa nyumba yao ya zamani ulikuwa rangi gani? Akaenda nayo nyumbani. Mama akasema kijani. Mama mkubwa akapigiwa simu, akaapa ni buluu. Jioni nzima watu wakabishania mlango wa nyumba iliyokwisha kuanguka. Mwisho akaupaka buluu, na nyuma akaandika: "Bibi, tumegombana kwa ajili yako. Tuambie."

Wiki sita baadaye likaja jibu, kipande cha boksi kilichokatwa kwa mkasi, kikapakwa penseli: "Haukuwa na rangi. Tukiupaka mafuta tu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiusugua." Kadi ile imepita mikononi mwetu sote hadi imelainika pembe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazazi wengine waliuliza kama hatupotezi muda wa masomo. Tunaomba waje Alhamisi moja karibu na mitihani. Mkono una kazi, macho yako kwenye karatasi, mdomo uko huru. Yupo mwenzetu ambaye darasani hata mahudhurio huitikia kwa kunong'ona. Kwenye klabu anasimulia mpaka tunamwomba apumzike, kwa sababu hakuna anayemtazama.

Makosa tumefanya. Mwanzoni, kwa hamu, tulipaka krayoni pande zote mbili za kadi. Kalamu ikakataa kuandika juu ya nta, na stempu zikabanduka mkononi mwa karani dirishani. Siku hizi upande wa anwani hatuugusi. Rangi ya maji nayo huikunja karatasi, kwa hiyo kadi hulala usiku kucha chini ya kamusi. Ndiyo kazi kubwa inayofanywa na kamusi ile, Mwalimu wa Kiswahili atusamehe.

Maombi yetu ni machache. Rangi hatuombi, penseli tunazo, japo nyingine zimebaki fupi kama kidole gumba. Tunaomba utusaidie kupata stempu, kwani kadi 40 zilizokamilika zimekaa kabatini zikisubiri. Pia tunaomba utufundishe kuandika anwani vizuri, maana wengi wetu hatukuwahi kuandika hata moja kabla ya kujiunga na klabu hii.

Mwisho, Mzee wetu, tumekuandalia kadi. Barabara tumeipaka, minazi tumeipaka, mfuko wa barua tumeupaka. Baiskeli tumeiacha nyeupe kwa sababu hatukuiona. Penseli ziko mezani mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.