Kuhusu video yako ya kantri, na zile kofia

Nakuru, Jumapili jioni

Mwalimu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Wimbo nimeusikiliza, na swali lako nimelisoma mara mbili: ukodi farasi na kofia sita, au ukodi kamera ya pili? Kodi kamera. Na sababu si pesa peke yake.

Tuanze na hizo kofia. Wengi huamini kantri, ule muziki wa mashambani Marekani, ilizaliwa juu ya tandiko la farasi. Lakini angalia Bristol, mji uliokaa juu kabisa ya mpaka wa Tennessee na Virginia. Huko ndiko Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikopeleka mitambo ya kurekodi mwishoni mwa Julai 1927. Waliomjia ni watu wa milimani na wa viwandani, wengi wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani. Kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa amerekodi nyota wa mwanzo wa kantri, familia ya Carter na Jimmie Rodgers, na Rodgers alikuwa mtu wa reli, kazi yake breki za treni. Texas walikuwa na nyimbo zao za wachunga ng'ombe, sikatai, lakini kofia pana ilipata nguvu miaka ya 1930 kupitia sinema za Hollywood, Gene Autry akiimba juu ya farasi. Hata zile suti zinazometameta, fundi wake mashuhuri, Nudie Cohn, alikuwa mzaliwa wa Kiev aliyefungua duka California. Kwa hiyo anayevaa kofia havai asili ya muziki huu. Anavaa sinema.

Asili yenyewe ni pilau. Fidla ilivuka bahari na Waskoti na Waayalandi. Banjo ilitoka Afrika Magharibi na watu waliouzwa utumwani. Stili gitaa, lile linalovuta sauti kama mtu anayemeza kilio, mtindo wake ulianzia Hawaii. Hank Williams, nyota mwingine wa kantri, alifunzwa gitaa utotoni na Mmarekani Mweusi aliyepiga muziki mitaani Alabama, Rufus Payne. A.P. Carter alipozunguka kukusanya nyimbo, alifuatana na Lesley Riddle, Mweusi pia, ambaye alishika lahani kichwani wakati Carter anaandika maneno. Halafu kampuni za santuri zikaja na mizani yao: muziki wa Weusi katalogi hii, wa wazungu wa mashambani katalogi ile, ingawa wapigaji walikuwa wakiazimana nyimbo kila siku. DeFord Bailey na harmonika yake alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio WSM ya Nashville kilichoanza mwaka 1925. Mwaka 1941 wakamwondoa. Jina lake liliingia kwenye jumba la heshima la kantri mwaka 2005, yeye akiwa kaburini tangu 1982.

Sasa njoo huku kwenu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu, nusu paa. Litamke jina hilo polepole: ni Jimmie Rodgers. Santuri zake zilikuwa zimefika huko na gramafoni, watu wakaisikia sauti ile na kumtengenezea mwenyewe umbo lake. Rodgers alikuwa amekufa kwa kifua kikuu tangu 1933. Mtu wa Bonde la Ufa akiniuliza kama anahitaji kuvaa Texas ili aaminike, jibu langu ni hilo: nyanya zake walishampokea mwanzilishi wa muziki huu wakampa miguu ya paa, na wala hawakuomba kofia.

Juu ya wasikilizaji, wale wa Marekani wenyewe walidharauliwa muda mrefu. Hadi 1991 jarida la Billboard lilitegemea ripoti za maduka kupanga albamu zinazouzwa zaidi, na muuzaji wa mjini hakuikumbuka kantri sana. Mei mwaka huo wakaanza kuhesabu mauzo kwa mashine ya kusoma msimbo wa mistari kwenye vifungashio. Ghafla kantri ikapanda, na Septemba albamu ya Garth Brooks ikaingia moja kwa moja namba moja. Wasikilizaji walikuwepo siku zote, hawakuwa wamehesabiwa.

Wa kwetu unawajua, na waimbaji wao pia. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton: haya ni majina ya matatu, ya redio ya Jumapili na ya matanga. Reeves aliimba mdomo karibu na maikrofoni, kwa sauti ya chini, kila neno likisikika hadi herufi ya mwisho. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ongeza nyimbo za dini alizorekodi, ukaribu wake na tenzi za kanisani, na gitaa ambalo mpigaji wa mugithi, ule muziki wa gitaa wa Wakikuyu, anaweza kulifuata. Ndipo unapoelewa kwa nini baa ya Nyahururu inaimba naye beti zote. Msikilizaji huyu hufuata maneno. Ndiye unayempigia video.

Na maneno ya kantri yana ujanja wake. Kibwagizo kinarudi vilevile mara tatu, lakini kila ubeti unakibadilisha maana. Katika wimbo wako, "lango liko wazi" mwanzoni ni mgeni anayekaribishwa, katikati ni mtoto anayeondoka, mwishoni ni mwenye boma asiyerudi. Kosa ambalo waongozaji wengi hulifanya ni kuonyesha jeneza kwenye ubeti wa kwanza kwa sababu picha yake ni nzuri. Ukishafanya hivyo, ubeti wa tatu hauna kazi. Lango lionekane mara tatu kutoka mahali palepale, kamera kimo kilekile, na kinachobadilika kiwe ni nani anayepita tu. Weka alama chini pale stendi ya kamera iliposimama, na uandike urefu wake kwa sentimita, maana hakuna atakayeukumbuka baada ya saa nne.

Kabla ya siku ya kupiga, chukua karatasi uandike kila mstari wa wimbo na sekunde unapoanzia. Wimbo una dakika 3 na sekunde 40, yaani sekunde 220. Picha moja ikikaa wastani wa sekunde nne, unahitaji picha 55. Kantri inavumilia mwendo huo, hata pole zaidi, kwa kuwa mtazamaji anasikiliza. Ukikata kila sekunde mbili unahitaji 110, na macho yatayashinda masikio.

Usipige video kabla wimbo haujakamilika studio, maana siku ya kupiga utachezwa kwa spika nawe uimbe juu yake. Hili nalisema kwa ukali. Mtayarishaji akiongeza kasi kidogo tu baada ya kupiga, au akifupisha utangulizi kwa mapigo manne, midomo yote inaenda upande na hakuna mhariri wa kuiokoa. Mwombe faili ya mwisho, na mbele ya wimbo aweke milio mitatu ya "pip" kwa mapigo ya wimbo wenyewe ili wote waanze pamoja.

Siku yenyewe, spika iunganishwe kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti kwa kiasi kinachobadilika kutoka spika moja hadi nyingine. Kamera nazo zirekodi sauti ya spika, hata iwe mbaya, kwa kuwa mhariri ataitumia kulinganisha. Ila kumbuka sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazounda kila sekunde ya video, fremu moja ni sawa na mita 14 hivi. Kamera iliyo mita 30 kutoka kwa spika itarekodi sauti iliyochelewa fremu mbili, na mwimbaji aliye karibu na spika ataonekana kutangulia wimbo. Kwa picha za mbali mhariri aangalie midomo, asiamini sauti.

Piga kwa fremu 25, si 30. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa 30 taa za baa zinaweza kuchora mistari inayotambaa kwenye picha. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Simu kama kamera ya tatu inafaa, lakini funga idadi ya fremu kwenye programu yake. Simu nyingi zikiachwa huru hupanda na kushuka zenyewe, na mwisho wa wimbo midomo imeshapishana. Ukitaka mwendo wa pole huku mtu akiimba, piga kwa fremu 50 na uchezeshe wimbo kwa kasi maradufu, kisha picha ipunguzwe nusu. Toleo hilo la haraka litayarishwe studio. Usilijaribu kwenye mistari yenye maneno mengi. Mwimbaji atakanyaga silabi.

Imba kwa sauti kweli. Anayechezesha midomo tu koo lake halisogei, na mtazamaji huhisi kasoro kabla hajajua ni nini. Mpiga dramu naye apige kweli, ila tandika taulo juu ya ngoma na ubandike vitambaa chini ya matoazi, la sivyo hakuna atakayesikia spika.

Mikono ni jambo zito kuliko unavyodhani. Watu wa kantri wengi hupiga gitaa kidogo, na huangalia vidole. Kama studio mpigaji alifunga kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, kwenye freti ya pili, na kwenye video iwe freti ya pili. Stili gitaa hupigwa mtu akiwa ameketi, mkono wa kushoto ukiburuta kipande cha chuma juu ya nyuzi. Kama hakuna anayelijua, usiweke mwigizaji. Onyesha lango wakati linalia.

Wimbo mzima upigwe mara sita angalau: kwa mbali, kiunoni, uso, mikono ya gitaa, fidla, na mmoja wa akiba. Kila mara hula kama robo saa ukijumlisha kupanga upya, hivyo saa moja na nusu kwa eneo moja. Kamera ya pili inaokoa karibu nusu ya muda huo, na ndiyo sababu nimeitaja kabla ya farasi. Farasi anataka mtunzaji wake, hapendi spika, na atakula asubuhi yako yote.

Kama bado umeng'ang'ania kupiga kwenye ukingo wa Iten, bonde likiwa nyuma yako, kumbuka bonde la Kerio liko mashariki. Asubuhi jua linatoka nyuma ya mwimbaji na uso unakuwa mweusi. Alasiri linampiga usoni na kuangaza milima ya Tugen nyuma yake, lakini usichelewe: jua likishuka magharibi, ukingo wenyewe unatupa kivuli chini ya bonde. Saa kumi hadi kumi na moja ndiyo yako. Kwetu hapa ikweta jua hushuka wima, nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga wa dhahabu unakupa dakika 40 tu, kwa hiyo mazoezi yafanyike kabla. Ukiweza, piga Januari au Februari. Kuanzia Aprili mvua ya mchana itakuharibia.

Adhuhuri jua likiwa utosini, kofia pana huficha macho yote na kuacha kidevu. Ukilazimika kuivaa, mtu alaze ubao mweupe au shuka kifuani kwako, nje ya picha, urudishe mwanga juu. Shati la drafti ndogo nalo hutetemeka kwenye kamera. Chagua miraba mikubwa.

Karatasi: leseni ya Kenya Film Classification Board, ruhusa ya mwenye shamba kwa maandishi, na ikiwa kuna droni, mwenyewe awe amesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ule ubeti wa Reeves unaotaka kuubandika mwishoni, uache. Kuweka wimbo wa mtu kwenye picha kunahitaji idhini ya mwenye haki, hata ukiuimba mwenyewe.

Kadi: picha ya megabiti 100 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 2.75 kwa kila wimbo mzima. Kwa mara ishirini ni 55. Nunua kadi mbili za 128, unakili jioni hiyohiyo kwenye diski mbili, na kadi zisifutwe hadi mhariri aseme amefungua kila faili.

Nitumie ile karatasi ya sekunde ukimaliza, hata kwa mwandiko wa penseli, na umuulize mpigaji kapo ilikuwa freti ya ngapi.

Wako,
jirani wa zamani