Wazee tusiwaambie watoto waache siasa wasome

Mhariri salam,

Tangu yale maandamano ya vijana ya Juni 2024 ya kupinga ushuru mpya, kila mzee hapa Kisauni anawaambia vijana wa chuo waache siasa wasome. Mimi pia nilimwambia binti yangu hivohivo, yuko mwaka wa tatu, na saa hii najuta manake nimemsoma Thandika Mkandawire, mchumi wa Malawi.

Huyu alizaliwa Zimbabwe 1940, babake Mmalawi, na akiwa kijana aliingia kwenye harakati za uhuru wa Malawi. Akaenda kusoma Ohio State kule Marekani, uhuru ukapatikana 1964, mwaka huohuo Banda, kiongozi wa Malawi, akakosana na mawaziri wake na Thandika akawa hana tena njia ya kurudi, Sweden ndio ikampokea. Malawi alikuja kuikanyaga tena 1994. Miaka 30! Hebu fikiria miaka yote hiyo huwezi kwenda hata matangani kwenu. (Sisi Pwani tunaye Mwandawiro Mghanga wa Taita, kiongozi wa wanafunzi Nairobi, akafungwa wakati wa Moi akaishia Sweden pia, akarudi na 2002 akachaguliwa mbunge wa Wundanyi.)

Thandika akageukia uchumi, akaongoza CODESRIA, baraza la watafiti wa jamii wa Afrika, pale Dakar 1985 mpaka 1996, halafu UNRISD, taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa maendeleo ya jamii kule Geneva, baadaye akafundisha chuo cha uchumi cha LSE London. Alifariki Machi 2020. Kilichonigusa ni pale anapoeleza demokrasia zisizo na chaguo, yaani mnapanga foleni ya kura tangu alfajiri, mnachagua mtu wenu, kumbe mambo ya ushuru na matumizi yashaamuliwa na wenye mkopo. Babangu alikuwa kazi ya serikali, miaka ya 90 wakapunguzwa wakaambiwa ndio masharti ya mkopo, mimi na dadangu tukakatiza shule. Nyumbani tulidhani ni bahati mbaya ya baba tu, na kumbe wakati uleule kuna Mwafrika Dakar anaipinga dawa ile kwa hesabu, akisema serikali zetu zaweza kabisa kuendeleza watu wao zikiachiwa nafasi.

Sasa ombi langu, mpeni Thandika ukurasa mzima gazetini kwa Kiswahili, maandishi yake ni ya Kiingereza na mengine magumu kweli, mimi binti ndiye alinisaidia. Na walimu wa vyuo vya huku Pwani mumsomeshe. Binti nishamwambia mikutano ya wanafunzi aende.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa